Wazee wa gemu za kukomaa, kodi ya fremu yangu inalipwa na wa dakika kumi

Fundi Padi

Wakuu, salaam. Wa Kusini na wasio wa Kusini, karibuni.

Nina banda la gemu hapa Magomeni, Mtwara. Si kubwa: PS2 mbili, PS3 moja, PS4 moja, benchi mbili na feni inayozunguka ikijisikia. Wiki iliyopita nimetukanwa ndani ya banda langu mwenyewe, nikaona bora nilete mada jamvini kuliko kugombana na mteja.

Ilikuwa hivi. Kuna kijana, mteja wa siku nyingi, ananisumbua tangu mwaka jana kwamba banda langu la kitoto, ni mpira, mpira, mpira na magari. Kwake gemu za kweli ni zile za kukomaa. Unakaa nayo wiki nzima, unakufa mara mia, unamsoma adui anavyonyanyua upanga mpaka unamjua kama binamu yako. Akanishawishi. Nikatafuta diski ya gemu moja ya namna hiyo, mapanga na mazimwi, nikaiweka kwenye PS3. Siku ya kwanza alikaa yeye mwenyewe masaa matatu, akanipa elfu tatu. Si haba, mtasema. Ila hela ya banda haiko kwenye kiti, iko kwenye benchi. Mechi ya mpira ni dakika kumi, anayefungwa analipa, anayeshinda anabaki, na nyuma yao wamekaa watano wanasubiri zamu huku wakinunua maji na karanga. Siku ile benchi la PS3 lilikuwa jeupe. Nani akae amtazame mtu anafia kwenye daraja lilelile tangu adhuhuri mpaka alasiri?

Siku ya pili akaja mwingine kujaribu. Akafa mara tisa ndani ya robo saa, akataka nimrudishie hela yake. Kuanzia hapo diski ikala vumbi. Nilipoitoa nikarudisha mpira, ndipo yule kijana akanifungulia mdomo mbele ya wateja: eti watu kama mimi ndio tunaoua gemu, eti tunafuata hela.

Naam, nafuata hela. Mwenye fremu tarehe moja hataki kusikia habari za mazimwi.

Sasa hoja yangu, na mnipinge kwa hoja. Ugumu wa gemu haupangwi na heshima ya mchezaji, unapangwa na namna hela inavyokusanywa. Space Invaders ya 1978 na Pac-Man ya 1980 zilikaa kwenye makabati ya kutumbukiza sarafu. Mwenye kabati alikuwa kama mimi: ukifa mapema, unatoa sarafu nyingine au unampisha mwenzako. Kwa hiyo zilikuwa ngumu, lakini kuanza kwake rahisi, vitu vya kushika vichache tu basi. Gemu ilipohamia sebuleni, mtu akawa analipa mara moja tu dukani, ikabidi apewe masaa mengi asione kaibiwa. Hapo ndipo ulipozaliwa ukomaaji wenu mnaotembea nao kifua mbele. Siku hizi kwenye simu gemu ni ya bure, basi inakungojea mbele ya safari ikutoze huko.

Na kwa taarifa yenu, hata huyo Pac-Man, mbunifu wake Toru Iwatani alimtengeneza akiwa na nia ya kuwavuta wanawake na wapenzi waliotoka pamoja, maana makabati ya wakati ule yalijaa wanaume na vita vya angani. Kwa hiyo haya mabishano ya gemu nyepesi kuharibu gemu yalikuwepo kabla sijazaliwa.

Naomba kuwasilisha.

Korosho Ghafi

Nimeweka kiti cha mbele. Nasubiri wa Lindi waamke.

Mlindi wa Mtanda

Tumeamka. Mkuu Fundi Padi, mimi si huyo kijana, lakini namuunga mkono asilimia mia.

Unasema wa dakika kumi ndio wanaolipa. Hapo Magomeni sawa. Duniani je? GTA V, ile ya kuiba magari, ilitoka 2013, ikaingiza dola bilioni moja ndani ya siku tatu, na mpaka sasa imepita nakala milioni 200. Elden Ring ya 2022, ambayo ni ya ukoo uleule wa hiyo diski uliyoitelekeza, iliuza nakala milioni 12 kabla haijatimiza wiki tatu. Wiki tatu! Mauzo ya watu wanaopenda kufa hayo.

Hao wako wa kupitisha muda ni upepo wa kusi, unavuma msimu unaondoka. Angalia Wii, mashine ya gemu ya sebuleni. Nintendo waliitoa 2006 kwa dola 250 wakati PS3 inaanzia 500, wakawapa watu kitu cha kupunga mkono kama wanafukuza nzi, bibi na mjukuu wakacheza tenisi sebuleni. Ikauza milioni 101. Watu wakaandika kwamba sisi wa kukomaa tumekwisha. Haya, 2012 wakaleta mashine iliyofuata, Wii U. Imeuza mashine milioni 13 na nusu maisha yake yote. Wale bibi walikwenda wapi? Waliingia kwenye simu, bure, hawakurudi. Mtu wa kukomaa huwa anarudi. Mimi tangu PS1 niko kwenye foleni.

Fundi Padi

Mlindi, namba zako sizikatai. Lakini GTA kuiita ya kukomaa ndipo unaponichekesha. GTA San Andreas iko hapa kwenye PS2 tangu nifungue banda. Sijaona mtoto hata mmoja aliyefika mwisho wa hadithi yake. Wanakuja na karatasi imeandikwa vitufe vya siri vya kupata silaha na kifaru, wanaiba gari, wanaendesha mpaka baharini, wanacheka, muda umekwisha, mwingine anakaa. Diski ni moja hiyohiyo. Mwenye mashine yake nyumbani anakomaa nayo miezi, wa kwangu anapitisha dakika kumi. Sasa hizo milioni 200 utawahesabu upande gani?

Mama Ming'oko

Mnaongea kama vile sisi hatupo.

Mimi nauza ming'oko karibu na stendi. Nacheza Candy Crush, ile gemu ya kupanga peremende, tangu simu yangu ya kwanza ya kupangusa, niko ngazi ya elfu mbili mia tatu na kitu. Mwanangu wa kiume, huyu anayejiita mzee wa kukomaa, ananiambia hiyo si gemu, ni peremende. Nilimpa simu ngazi moja yenye chokoleti zinazojaa kila ukikosea. Uhai wote watano ukaisha, akarudisha simu amenuna.

Kuna ngazi imenikalisha wiki mbili. Uhai ni watano, ukiisha unasubiri nusu saa ndipo unarudi mmoja. Au utoe hela. Sijatoa hata mia tangu nianze. Nasubiri. Napanga ming'oko, nauza, narudi. Nielezeni basi, mtu aliyegoma kulipa miaka yote hiyo na anasonga mbele, hajakomaa? Au kukomaa lazima kuwe na damu?

Korosho Ghafi

😂😂 Mama kafunga goli la kichwa.

Mlindi wa Mtanda

Mama shikamoo. Hapo kwenye subira nimekupa. Ila mada ni mauzo, na wewe umesema mwenyewe hujatoa hata mia. Mteja asiyelipa anahesabiwaje kwenye mauzo?

Mama Ming'oko

Marahaba. Anahesabiwa kama anayekuja kibandani kwangu kuuliza bei akasimama. Akisimama mmoja, wanasimama na wengine.

Shangani Kwetu

Mlindi, Mama yuko sahihi kuliko anavyojua. Biashara ya gemu za bure imesimama hivyohivyo: wengi hawatoi kitu, wachache wanatoa nyingi, na hao wengi wasipokuwepo wachache hawana wa kumringishia. Nenda kaangalie vijana wa Free Fire, ile gemu ya bure ya bunduki kwenye simu. Ukiwa na nguo ya kununua na hakuna wa kuiona, umenunua ya nini?

Kama ni hela, kampuni ya King iliyotengeneza hiyo peremende ilinunuliwa na Activision Blizzard kwa dola bilioni 5.9. Hao walionunua ndio wenye Call of Duty, vita na bunduki, gemu ya kidume kabisa. Halafu Oktoba 2023 Microsoft wakawanunua wote kwa pamoja, bilioni 68.7. Kwa hiyo mwanajeshi na peremende wako kwenye gunia moja, na mwenye gunia wala hawatenganishi. Hela inayotokana na gemu za simu sasa ni karibu nusu ya hela yote ya gemu duniani. Wanaobishana nani wa kweli ni sisi huku mtaani.

Bundi wa Chuno

Nisaidie kusafisha kidogo, maana naona watu wanarusha takwimu kama kokoto.

Mlindi umeitaja Wii. Watu wakitaka kuonyesha gemu nyepesi zinauza, huwa wanataja Wii Sports, ile yenye tenisi ya bibi na mjukuu, karibu nakala milioni 83. Msidanganyike. Sehemu nyingi za dunia ilikuwa inakuja ndani ya boksi la mashine. Ni sawa na kusema mifuniko ya sufuria inauzwa sana. Umenunua sufuria, mfuniko umeukuta.

Lakini hapohapo usishangilie, Mlindi. Wii Fit, ya mazoezi, na ule ubao wake wa kusimama juu yake ilipita milioni 22, na Mario Kart Wii, ya mbio za magari, milioni 37. Hayo mafungu kwa sehemu kubwa watu walikwenda dukani wakayalipia. Kwa hiyo upepo ulikuwepo na hela ilikuwepo.

Na Wii U haikuanguka kwa sababu bibi hawana shukrani. Ilianguka kwa sababu hata waliokuwa nayo Wii walidhani ni kifaa cha kuongezea kwenye Wii ileile, si mashine mpya. Jina lilikuwa lilelile, ikaongezwa herufi moja. Mwenye duka yeyote wa Soko Kuu angewaambia.

Halafu 2017 Nintendo wakaleta mashine nyingine, Switch. Milioni 150 imeshapita. Mle ndani Mario Kart 8 Deluxe peke yake ina zaidi ya milioni 60, anacheza mtoto wa miaka mitano, na pembeni yake ipo Zelda, gemu ya safari ndefu, ambayo ukiingia kichwakichwa unapotea mlimani siku tatu. Mashine moja. Hakuna aliyefukuzwa sebuleni.

Fundi Padi

Bundi hiyo ya mfuniko naichukua, nitaiandika ukutani.

Mzee wa Nyumba

Wajukuu zangu, hamjambo. Mimi hizi gemu zenu nasomewa na mjukuu, hapa Mikindani. Nimesikiliza nikaona niseme neno kuhusu bao.

Bao liko la aina mbili. Liko la kujifunza: kete mbilimbili kila shimo, zote ziko ubaoni, mtoto anaanza kula palepale. Na liko bao lenyewe, la Kiswahili. Mashimo 32, kete 64. Unaanza na kete 10 tu ubaoni kwako, sita ndani ya nyumba, lile shimo kuu, mbili na mbili pembeni yake, na 22 umeshika mkononi. Unanamua, yaani unaziingiza ubaoni moja moja. Zikiisha mkononi ndipo mnaingia mtaji, kucheza na zilizo ubaoni tu, na kama ulinamua ovyo, mtaji wote ni kilio. Kuna wazee hapa wanahesabu mzunguko mzima kichwani kabla hawajagusa kete.

Sasa sijapata kuona gwiji wa bao akamwambia mtoto bao la kujifunza si bao. Angempata wapi wa kucheza naye kesho? Na barazani petu wanaocheza ni wawili, wanaotazama ni kumi na watano, na hao kumi na watano kila mmoja anajua kuliko wachezaji. Akiondoka mchezaji wanabaki kubishana. Wakiondoka hao watazamaji, mchezaji naye anafunga virago. Nimeona kwa macho yangu, baraza moja lilikufa hivyo. Watu walihamia kwenye televisheni, magwiji wakabaki wawili, wakachokana.

Fundi, benchi lako ndilo banda. Kiti ni kisingizio.

Mlindi wa Mtanda

Shikamoo babu. Hapo umenifunga, lakini niruhusu nijitetee kidogo. Bao haliuzwi. Hakuna kampuni inayokaa mezani kusema mwaka huu tuondoe nyumba, tuache mashimo manane tu, maana wateja wapya wanachanganyikiwa. Sisi ndiyo hofu yetu hiyo. Kila gemu niliyoipenda ikipata jina, toleo linalofuata linakuja na mshale wa kukuonyesha njia, linakushika mkono kama kipofu. Mimi sipigani na Mama na peremende zake. Napigana na yule anayechukua bao akaliuza kama la kujifunza kwa bei ya bao.

Mzee wa Nyumba

Marahaba. Hilo nimelielewa. Hilo hata mimi lingeniuma.

Newala Juu

Nawasoma tangu asubuhi, wote mnaongelea mauzo kana kwamba na sisi tumo kwenye hayo mauzo. Hatumo!

PS2 imeuza zaidi ya milioni 155, hakuna mashine ya sebuleni iliyowahi kuizidi. Ngapi kati ya hizo zilifika huku zikiwa mpya ndani ya boksi? Zilikuja mitumba, zimechezewa ili zikubali diski za kuchapa. Diski moja ya Winning Eleven, gemu ya mpira, ilichapwa, ikazunguka Newala, Tandahimba, Masasi, imechezwa na watu ambao ukiwapanga mstari wanafika Mahuta. Konami walioitengeneza walipata shilingi ngapi? Sifuri. Kwenye majedwali yenu sisi hatukuwahi kucheza gemu.

Ndiyo maana huku ukiuliza kipi kinauza, jibu linafuata mnada. Hela ya korosho ikiingia, miezi ya kumi na moja na kumi na mbili, hata PS4 mechi mia tano watu wanagombania, na ndipo utawaona hao wa kukomaa wananunua masaa. Ikifika mwezi wa nne, watu wanarudi PS2 mechi mia mbili. Ladha haijabadilika, mfuko ndio umebadilika. Nimekaa kwenye banda la shemeji yangu misimu minne, naongea nilichokiona.

Fundi Padi

Newala umegusa penyewe. Yule kijana aliniletea ushawishi wa mazimwi Desemba. Ingekuwa Aprili angeniambia niweke nyoka wa Nokia.

Bundi wa Chuno

Nyoka wa Nokia usimguse! 1997 kwenye 6110, halafu akaja kwenye 3310 ambayo kila mjomba wa Kusini aliwahi kuwa nayo. Huyo hakuuzwa kabisa, alikuja na simu, mfuniko mwingine. Lakini nani hapa hajawahi kugombana na ndugu yake kwa sababu ya nyoka? Akijaa skrini unakosa pa kugeukia, kidole kinatoka jasho.

Na Flappy Bird ya kwenye simu je? Kidole kimoja, ndege mmoja, mabomba. Ukiitazama ni ya mtoto wa chekechea. Ukiicheza unakufa ndani ya sekunde nne. Dong Nguyen wa Vietnam aliitengeneza peke yake, mapema 2014 matangazo yakawa yanamwingizia kama dola elfu 50 kwa siku, na Februari hiyohiyo akaiondoa mwenyewe, akasema imekuwa kama ulevi kwa watu. Hiyo mtaiweka fungu gani? Nyepesi? Nimeona mtu ametupa simu.

Mlindi wa Mtanda

Hiyo iko upande wetu. Mtu akifa mara mia akarudi, ni wetu.

Mama Ming'oko

Basi na mimi ni wenu.

Mlindi wa Mtanda

Mama karibu chamani. 😂

Shangani Kwetu

Turudi kwa Fundi. Hoja yake kwamba ugumu unafuata namna ya kutoza, mimi naikubali nusu. Nusu ninayoikataa ni hii: mpira wa kwenye banda si gemu nyepesi. Kila mtu anajua sheria za mpira tangu tumboni, kwa hiyo kuingia ni bure. Lakini kaa na wale wanaobaki kwenye kiti toka saa nane mchana hadi jioni hawajafungwa. Wanajua kipa gani anatoka mapema, beki gani hageuki haraka, wanabadilisha mpango katikati ya mechi bila kusimamisha gemu. Hao ni wa kukomaa kuliko huyo wa mazimwi, maana zimwi halibadilishi akili likikuona umejifunza. Jirani yako anabadilisha.

Fundi, una hao wangapi?

Fundi Padi

Watatu. Mmoja dereva wa bodaboda, mmoja anapakia mzigo ghalani, mmoja bado yuko sekondari na mama yake asijue. Hao watatu wakikutana Jumamosi, watu wanasimama mpaka nje dirishani. Na hapo inabidi nikiri kitu. Hao hawanilipi. Hawafungwi, wanaolipa ni wanaofungwa. Kwa hiyo magwiji wangu wote wanacheza bure na hela inatolewa na wale wanaokuja kujaribu bahati yao. Sijawahi kuliona hivyo mpaka leo naandika hapa.

Korosho Ghafi

Fundi umeigundua Free Fire ukiwa Magomeni.

Newala Juu

Sasa ile diski ya mazimwi umeifanyaje?

Fundi Padi

Ipo juu ya kabati. Mwenye kuitaka elfu kumi na tano.

Mlindi wa Mtanda

Elfu kumi na tano diski iliyokushinda kuitumia? Nakupa nane. Kesho nashuka Mtwara na basi la asubuhi.

Fundi Padi

Kumi na mbili. Na ukicheza hapa bandani kwangu uje na padi yako, na usikae kiti cha mbele siku ya Jumamosi.

Mlindi wa Mtanda

Kumi. Na namleta shemeji akae kwenye benchi anitazame nikifa.

Fundi Padi

Anakunywa maji huyo shemeji?

Mlindi wa Mtanda

Maji na karanga.

Fundi Padi

Njoo na kumi.